Usiiache Wiki Ipite: Hotuba kwa Wafanyakazi wa Iowa Kuhusu Fao la Kukosa Kazi

Waheshimiwa wazee, mama zetu, vijana wetu, hamjambo. Nashukuru kwa kunialika. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na amekaa hapa mbele makusudi ili anione nikizidisha, kwa hiyo sizunguki.

Nina neno moja tu jioni hii, na mengine yote ni maelezo yake. Fedha nyingi za fao la kukosa kazi ambazo watu wetu wanazikosa huwa hakuna aliyewanyima. Wanazikosa kwa kukaa kimya. Mtu amepunguzwa kazini Jumanne, anaona haya kusema hata nyumbani, anasubiri pengine wataitwa tena, wiki tatu zimekatika hajaomba chochote. Au ameomba, barua imekuja kwa Kiingereza kirefu, ameiweka juu ya friji akingoja mtoto atoke shule amsomee, mtoto naye ana mpira. Akinyimwa anasema basi, ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, Mungu hajasema lolote hapo. Aliyesema ni ofisa mmoja aliyesikia upande wa mwajiri peke yake, kwa kuwa upande wako haukujibu.

Kwanza tuiondoe hii aibu, maana ndiyo mzizi. Kuna wanaodhani fao hili ni sadaka ya serikali, la kundi moja na kuponi za chakula. Sivyo. Hapa Marekani, jimbo la Wisconsin ndilo lililotangulia kupitisha sheria yake mwaka 1932, na mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt akatia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyoufanya mpango huu uenee majimbo yote. Tangu mwanzo ilikuwa bima. Mwajiri analipa kodi kwa serikali kuu, asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza za mshahara wa kila mfanyakazi kwa mwaka, na kwa kawaida akirejeshewa nafuu yake inabaki asilimia 0.6, yaani dola 42. Juu ya hiyo analipa kodi ya jimbo. Ni majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mfanyakazi naye anakatwa kidogo. Hapa Iowa hukatwi hata senti, ila ni kazi yako iliyolipiwa bima hiyo. Hakuna anayeona haya kudai bima ya gari likigongwa.

Na kodi ya jimbo ina jambo moja ambalo lazima mlijue, kwa sababu linaeleza mengi yatakayokuja mbele. Kadiri wafanyakazi wa zamani wa kampuni wanavyolipwa fao, ndivyo kiwango cha kodi cha kampuni hiyo kinavyopanda. Kwa hiyo meneja aliyekupa mkono na kukutakia heri, ofisi yake inaweza kupinga dai lako wiki hiyo hiyo. Usimchukie. Hiyo ni biashara yake. Wewe fanya yako.

Kiwanda cha nyama ya nguruwe cha mji wa Perry, hapa Iowa, kilipofungwa Juni 2024, watu zaidi ya 1,200 walipoteza kazi kwa mpigo. Msiba mkubwa kwa mji mdogo, lakini kwa upande wa makaratasi ule ni msiba mwepesi: kila mtu anajua sababu, na sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mkubwa, mwenye wafanyakazi 100 au zaidi, atoe taarifa siku 60 kabla ya kufunga. Anayenihangaisha mimi ni yule anayetolewa peke yake, saa kumi alfajiri mwisho wa zamu, anaambiwa arudishe beji na aondoe vitu vyake kwenye kabati. Huyo hana wa kumwuliza.

Basi mtu wangu, siku hiyo hiyo, au kesho yake, omba. Maombi yanapitia Iowa Workforce Development, idara ya kazi ya jimbo letu, kwenye mtandao, na hayalipiwi. Narudia: hayalipiwi. Kama huna kompyuta, nenda IowaWORKS, vile vituo vya idara hiyo, au maktaba. Kwa nini nasema siku hiyo hiyo? Kwa sababu dai lako linahesabiwa kuanzia Jumapili ya wiki uliyoomba. Ukiomba Ijumaa, wiki nzima ile imeingia. Ukisema ngoja nipumzike Jumamosi na Jumapili nitaomba Jumatatu, wiki moja imekwenda na maji. Majimbo mengi yana wiki ya kwanza isiyolipwa. Iowa haina, kwa hiyo wiki unayoipoteza hapa unaipoteza mwenyewe.

Uwe na namba ya Hifadhi ya Jamii, majina na anwani za waajiri wote wa mwaka na nusu uliopita, na tarehe za kuanza na kuacha. Kama si raia, uwe na karatasi inayoonyesha ruhusa ya kufanya kazi. Wakimbizi na waliopewa hifadhi, ruhusa yenu inatokana na hadhi yenu yenyewe. Na kwa wale wanaoogopa kwamba kuomba fao hili kutaharibu kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu: ile kanuni ya kumnyima kadi anayeonekana atakuwa mzigo kwa serikali haimgusi mkimbizi wala aliyepewa hifadhi, sheria yenyewe imewatoa. Wenye hadhi nyingine, ulizeni mwanasheria wa uhamiaji, msimwulize jirani.

Kiasi gani? Wanaangalia mishahara ya kipindi fulani, si ya mwezi uliopita. Wanachukua robo tano za mwaka zilizokamilika, yaani vipindi vya miezi mitatu mitatu, wanaiacha ya mwisho, wanahesabu nne za kwanza. Aliyeomba Oktoba 2025 ameangaliwa mishahara yake ya Julai 2024 hadi Juni 2025. Ndiyo maana mgeni aliyeanza kazi juzi anaweza kukosa. Ukishapita hapo, Iowa inachukua robo uliyopata zaidi na kuigawa: kwa 23 kama huna wanaokutegemea, na mgawanyo unapungua hadi 19 ukiwa na wanne au zaidi. Tuseme robo yako nzuri ulipata dola 9,200. Bila wategemezi ni dola 400 kwa wiki. Na wategemezi wanne ni kama 484. Nimeona baba wa watoto watano hajawaandika watoto kwa sababu aliona swali hilo ni la udaku. Waandike.

Muda wake ni wiki zisizozidi 16. Zamani zilikuwa 26, sheria ya mwaka 2022 ikazipunguza. 26 zimebaki kwa yule ambaye mwajiri wake amefunga kabisa pale alipokuwa akifanya kazi. Shemeji yako wa California akikwambia kwao ni 26, anasema kweli, na wa Florida akikwambia kwake ni 12 pia anasema kweli. Kila jimbo lina yake. Usifuate ushauri wa WhatsApp kutoka jimbo jingine.

Sasa nije penye mwiba. Fomu itakuuliza kwa nini hufanyi kazi tena. Usiandike umeacha kazi kama kazi ndiyo iliyokuacha wewe. Aliyeacha mwenyewe, mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu nzito iliyotokana na mwajiri uko juu yake. Aliyefukuzwa, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba ulifanya kosa la makusudi. Kufukuzwa kwa sababu ulikuwa polepole kwenye mashine, au hukuielewa kazi vizuri, si utovu wa nidhamu. Kufukuzwa si mwisho wa fao. Wengi hawaombi kabisa kwa kuamini kwamba aliyefukuzwa hana haki. Omba, waache waseme wao.

Halafu zile pointi. Mnazijua: ukikosa siku, pointi, ukichelewa, nusu pointi, zikijaa, nje. Kampuni ina haki ya kukutoa kwa pointi zake, lakini pointi za kampuni si sheria ya fao. Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Cosper, kwamba kukosa kazi kwa ugonjwa ulioutolea taarifa ipasavyo hakuhesabiwi kuwa utovu wa nidhamu. Sikilizeni masharti yake: ugonjwa, na umetoa taarifa ipasavyo. Umepiga ile laini ya utoro, namba ya kampuni ya kusema huji kazini, kabla ya zamu kuanza, kama kampuni inavyotaka. Basi piga picha ya simu yako ikionyesha namba uliyopiga na saa. Tunza karatasi ya daktari. Ukipiga simu kwa rafiki yako amwambie supavaiza, hujatoa taarifa. Na ukipotea siku tatu mfululizo bila kusema neno, na kampuni ina kanuni hiyo, utahesabiwa umeacha kazi mwenyewe, hata kama ulikuwa umelazwa kitandani unasaga meno.

Wanaofanya kazi kupitia ejensi, zile kampuni zinazowapeleka watu kwenye kazi za muda, msikie hili peke yenu. Kazi ya muda ikiisha, Iowa inakutaka uitaarifu ejensi ndani ya siku tatu za kazi na uombe kazi nyingine, ikiwa ejensi ilikupa sharti hilo kwa maandishi. Na walikupa, lilikuwa kwenye lile rundo la karatasi ulizotia saini siku ya kwanza. Usipofanya hivyo umehesabiwa umeacha. Watumie ujumbe mfupi wa simu: kazi yangu ya mahali fulani imeisha leo, naomba nyingine. Usiufute.

Umeshakubaliwa? Hapo ndipo wengi wanapolala. Fao halijileti. Kila wiki, inayoanza Jumapili na kuishia Jumamosi, lazima uingie kwenye mtandao udai wiki ile iliyopita na ujibu maswali: ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi? ulikataa kazi? ulilipwa chochote? Pia uonyeshe ulivyotafuta kazi. Iowa inataka shughuli nne kwa wiki, tatu kati yake ziwe maombi ya kazi hasa. Andika jina la kampuni, tarehe, nafasi, na jinsi ulivyoomba. Daftari la shule la mtoto linatosha. Na kazi utakayopewa huwezi kuichagua milele: wiki ya kwanza unaweza kukataa inayolipa chini ya wastani wako wa zamani, lakini kadiri wiki zinavyosonga kiwango kinashuka, hadi baada ya wiki ya nane ambapo inayolipa asilimia 60 ya mshahara ule wa zamani ni kazi ya kukubali.

Swali la ulilipwa chochote ndilo lililowaingiza wengi kwenye deni, naomba tulitazame polepole. Chukueni slipu ya mshahara. Juu kuna saa ulizofanya na bei ya saa. Chini yake jumla kabla ya makato. Kisha makato, moja moja. Kisha, kwa maandishi makubwa, kiasi kilichoingia benki. Jicho letu linakwenda kwenye maandishi makubwa. Ofisi inataka ile jumla ya juu, kabla ya makato, na inaitaka kwa wiki ulipofanya kazi, hata kama utalipwa wiki mbili baadaye.

Tuseme fao lako ni dola 400, na wiki hii umepata vibarua vya saa 20 kwa dola 17. Jumla ni 340. Benki iliingia 281. Iowa inakuachia robo ya fao lako bila kuigusa, yaani dola 100. Kwa hiyo wanapunguza 240, unapata 160 juu ya ule mshahara wako. Wewe ukaandika 281, wakakulipa 219. Umezidishiwa dola 59 na hujui. Ukifanya hivyo kwa wiki nane, siku kompyuta ya jimbo inapolinganisha na taarifa za mwajiri, unatakiwa urudishe dola 472. Wakiamua ulidanganya kwa makusudi, sheria ya serikali kuu inaongeza faini isiyopungua asilimia 15. Na hii mifano inatuonyesha jambo zuri pia: hata ukipunguziwa saa tu, bado unaweza kulipwa sehemu. Wengi wanadhani lazima uwe huna kazi kabisa.

Kodi nipite haraka. Fao linatozwa kodi ya mapato. Kwenye fomu utaulizwa kama wakate asilimia 10 ya serikali kuu. Kubali. Januari utapata fomu ya 1099-G, inayoonyesha fao ulilolipwa. Mpe anayekuandalia kodi pamoja na W-2 zako, zile karatasi za mishahara ya mwaka.

Safari. Najua nikisema hili kuna watakaonuna. Mama amefariki Bukavu au Kigoma, unakwenda, hakuna wa kukuzuia. Ila ukiwa huko huwezi kusema uko tayari kuanza kazi Iowa kesho asubuhi, na usimwachie mdogo wako neno la siri akudaie kila Jumapili. Mfumo unaona dai limetoka wapi, na pasi yako ina mihuri. Sema ukweli kwamba ulisafiri, wiki zile hazitalipwa, ukirudi ufungue dai tena. Kilichobaki kwenye dai lako bado ni chako ndani ya mwaka wa dai hilo, yaani mwaka unaohesabiwa tangu ulipoomba.

Na hilo la neno la siri lina ndugu yake. Kuna kijana katika kila jengo anayejua Kiingereza na anawajazia watu fomu. Wengine ni waungwana. Wengine wanaweka barua pepe yao na namba yao, wanachukua hela kila wiki, na barua zote zinakwenda kwao. Akae pembeni yako akusaidie kusoma, sawa. Barua pepe iwe yako, namba iwe yako, benki iwe yako.

Nimeacha barua mwishoni kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Ukishaomba, mwajiri ana siku kumi za kupinga. Akipinga, utaitwa kwenye mahojiano ya simu au utatumiwa maswali. Jibu. Simu isiyo na jina kwenye wiki hizo usiikate ukidhani ni tapeli wa bima ya gari. Kisha uamuzi unakuja. Angalia vitu viwili: umekubaliwa au umekataliwa, na tarehe ya mwisho ya rufaa. Ohio wanatoa siku 21, California 30, Texas 14. Iowa ni siku kumi, na zinaanza siku barua ilipotumwa, si siku ulipoifungua. Wikiendi zimo. Barua imekaa njiani siku tatu, imekaa kwenye sanduku hadi Jumamosi, na siku za kuishughulikia zimebaki nne.

Rufaa si kesi ya kutisha. Unaandika sentensi chache: sikubaliani na uamuzi huu, naomba nisikilizwe, namba ya dai langu ni hii. Huhitaji kueleza maisha yako yote. Utapangiwa siku, na jaji wa utawala atawasikiliza kwa simu, wewe na mwajiri. Barua ya kuitwa inakutaka usajili namba yako ya simu. Usiposajili, jaji hakupigii, na umeshindwa ukiwa umekaa sebuleni unangoja. Zile picha za simu, karatasi ya daktari, ujumbe kwa ejensi, vitume kabla ya siku hiyo kwa jaji na kwa mwajiri. Shahidi aliyekuwa kwenye laini moja nawe aseme mwenyewe. Barua yake haina uzito wa sauti yake. Ukishindwa kuna ngazi nyingine juu, una siku 15. Na muda wote huo, wiki baada ya wiki, endelea kudai kana kwamba umeshakubaliwa. Anayeshinda rufaa analipwa wiki alizodai. Wapo walioshinda na kulipwa wiki mbili tu, kwa kuwa nyingine walikaa wakingoja majibu. Iowa Legal Aid wana mawakili wa bure kwa wenye kipato kidogo, na kesi hizi wanazijua.

Lugha nayo isiwe kisingizio. Ofisi hizi zinapokea fedha za serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza kumbagua mtu kwa asili yake, jambo ambalo mahakama na wizara zimelichukulia kwa miaka mingi kuwa linagusa pia lugha. Ukipigiwa simu sema neno moja tu, Swahili, unyamaze. Wataweka mkalimani kwenye laini. Mama wa Kirundi, baba wa Kinyamulenge, usikubali Kiswahili kama hukielewi vizuri mbele ya jaji. Omba lugha yako mapema, siku ile ile unayosajili simu. Na mkalimani akikosea, mkatize hapo hapo, umwambie jaji. Usimtumie mtoto wako. Atalainisha maneno yako kwa heshima, na jaji ataandika yale yaliyolainishwa.

Mwenyekiti ameshaangalia saa mara ya pili. Nimeleta dada wawili kule nyuma wenye kompyuta, watakaa hadi watu waishe. Naomba tuwapange hivi: waliokuja na barua za uamuzi watangulie, na kati yao aanze yule ambaye tarehe yake ya rufaa iko karibu zaidi. Ambao bado hawajaomba kabisa wafuate, leo ni Ijumaa.